Ukuta Kwanza, Rangi Baadaye

Mwamba wa Mogao ni mbovu. Fundi wa mawe anayejiheshimu angeupita bila kugeuka. Ni kokoto na mchanga vilivyogandamana bila kuiva kuwa jiwe, na ukiupiga patasi unakumwagia changarawe miguuni. Huwezi kuchonga pua juu yake, sembuse ukope. Hata hivyo, katika ukingo huu ulio kilomita 25 kusini-mashariki mwa mji wa Dunhuang, mkoa wa Gansu nchini China, pale jangwa la Gobi linapopakana na vilima vya mchanga, watu walichimba mapango kwa karibu miaka elfu moja. Waliyajaza sanamu zaidi ya 2,000 na picha za ukutani zinazofunika mita za mraba 45,000. Mapango yaliyohesabiwa ni 735, na yaliyopambwa kati yake ni 492.

Wanaoandika juu ya Mogao hupenda kuanza na misafara ya ngamia na Njia ya Hariri. Mimi naona tuanze na tope, maana jiwe lilipokataa kuchongwa, mafundi walilazimika kuleta kila kitu kutoka nje ya jiwe: ngozi ya ukuta, mwili wa sanamu, hata rangi. Mwamba ulitoa nafasi tupu na kivuli tu. Yaliyobaki yote ni kazi ya mikono.

Jiwe la kumbukumbu la enzi ya Tang linasimulia kwamba mwaka 366 mtawa wa Kibuddha aitwaye Lezun alifika hapa, akaona mng'ao wa dhahabu kana kwamba Mabuddha elfu wamejitokeza pamoja. Akachimba pango la kukaa na kutafakari. Baadaye akaja mtawa mwingine, Faliang, akachimba lake kando ya lile la kwanza. Ndivyo ilivyoanza monasteri hii isiyo na lango wala ua, chumba kikifuata chumba kwenye ukingo unaotazama mashariki, juu ya kijito cha Daquan. Upande wa kaskazini ndiko watawa walikolala, walikopika na walikozikwa. Humo mna majiko na vitanda vya udongo, na picha ni chache mno. Upande wa kusini ulikuwa wa ibada, na ndiko mgeni anakopelekwa.

Kufika kwenyewe siku hizi ni shughuli ya kupanga mapema. Tangu mwaka 2014 kuna kituo cha wageni mbali na mapango. Unaonyeshwa filamu kwanza, kisha basi linakupeleka jangwani. Tikiti za kawaida zina kikomo cha watu 6,000 kwa siku, na kila kikundi kina mwongozaji wake mwenye funguo na tochi. Kamera haziruhusiwi ndani. Mlango unafunguliwa, mnaingia gizani, na mnachokiona ni kile tu ambacho mwongozaji ameamua kukimulika. Wapo wanaonung'unika kwamba kwa tikiti hiyo mtu huonyeshwa mapango manane basi. Kwangu manane ni mengi. Anayetaka kuelewa kazi ya fundi angepewa pango moja na asubuhi nzima, wakati jua la mashariki linapoingia lenyewe mlangoni, kisha angeachwa bila maelezo.

Kama ningeruhusiwa kumchagulia pango hilo, ningechagua la namba 285. Lina maandishi ya tarehe za miaka 538 na 539, jambo adimu kwa mapango ya zama zile, na linakumbusha kwamba hapa palikuwa makao ya watawa kabla ya kuwa ghala la sanaa. Kuta zake mbili za pembeni zina vijumba vinne kila upande, vidogo kiasi kwamba mtu akikaa amekunja miguu amekijaza chote. Mtawa aliingia humo kutafakari. Ukiinua macho, pembezoni mwa dari kuna watawa wengine wa rangi, kila mmoja ameketi katika kibanda chake mlimani, huku wanyama wa porini wakipita karibu naye. Juu yao dari inachemka: viumbe wenye mabawa, pepo za mvua na ngurumo, na akina Fuxi na Nuwa wa hadithi za kale za China, wenye miili ya nyoka, wakiruka katika pango moja na miungu waliotoka India. Hakuna aliyeona haja ya kuwatenganisha. Ukuta wa kusini una kisa cha majambazi mia tano waliotobolewa macho wakafukuzwa porini, kisha wakaponywa na Buddha na kuwa watawa. Mchoraji amekipanga kama ukanda, tukio baada ya tukio, akiyatenganisha kwa miti na vilima, kwa hiyo unakisoma kwa kutembea.

Lakini tusikimbilie picha. Tazama pale rangi ilipobanduka, karibu na sakafu, mahali ambapo mwongozaji haelekezi tochi. Hapo ndipo ukuta unajieleza.

Msomaji aliyewahi kusaidia kukandika nyumba ya fito ataielewa kazi hii kuliko profesa wa sanaa. Mwamba uliochimbwa una mashimo na kokoto zinazochomoza, kwa hiyo tabaka la kwanza ni udongo mzito uliokandwa na mabua yaliyokatwakatwa. Mabua ndiyo yanayoushika udongo usipasuke unapokauka. Juu yake linakuja tabaka la pili, la udongo laini uliotokana na matope yanayoachwa na kijito mafuriko yanapopungua. Huu ulichanganywa na nyuzi za katani au pamba badala ya mabua, kwa sababu bua moja likichomoza kwenye uso wa bodisatva, mtakatifu wa Kibuddha, limeuharibu uso. Ukasawazishwa kwa mwiko mpaka ukawa bapa kabisa. Mwisho unapakwa utando mweupe, mwembamba kama ganda la yai, wa kaolini, chokaa au jasi. Kwenye utando huo ndipo brashi inaruhusiwa kugusa.

Kila tabaka linangoja lililo chini yake. Ukiharakisha, la juu linavuta unyevu wa la chini, ukuta unafanya nyufa, na nyufa zikija baada ya rangi hakuna tena la kufanya. Jangwa lenyewe, lenye mvua ya milimita 40 hivi kwa mwaka, hukausha upesi kuliko fundi anavyotaka. Kupiga lipu mahali kama hapo, katika chumba kilichochimbwa ndani ya changarawe, na lipu hiyo ikadumu miaka 1,500, ni ufundi ambao majina ya waliouweza hayakuandikwa popote. Nikiulizwa nani bingwa wa Mogao, nitamtaja mkandikaji kabla ya mchoraji.

Mchoraji naye alianza na uzi. Seremala wetu wa zamani wa pwani angemtambua mara moja, kwa sababu alikuwa anapiga ngeu: uzi uliochovywa rangi nyekundu unavutwa ukakazwa, unainuliwa katikati na kuachiwa, nao unaacha mstari ulionyooka ukutani. Mistari ya kulala na ya kusimama ilipokwisha kupigwa, ukuta uligawanyika viwanja vidogo, na katika kila kiwanja aliketi Buddha mmoja. Ndivyo walivyochorwa wale Mabuddha elfu wanaofunika kuta na dari nyingi za Mogao. Mgeni mwenye haraka huwaona kama urembo wa kujaza nafasi. Atulie kidogo. Vazi la huyu ni jekundu na duara la nuru kichwani ni kijani. Jirani yake amebadilishiwa. Wa tatu amebadilishiwa tena. Mzunguko huo wa rangi ukiisha unaanza upya, na katika safu inayofuata unasogezwa hatua moja. Ukirudi nyuma, safu zinatoweka na badala yake unaona mikanda ya rangi ikishuka mshazari ukuta mzima. Hakuna Buddha hata mmoja aliyechorwa akiwa mshazari. Ni hesabu tu iliyowekwa rangi.

Kwa sura kubwa zaidi walitumia karatasi. Mchoro ulitobolewa kwa sindano kufuata mistari yake, karatasi ikabandikwa ukutani au kwenye mteremko wa dari, na unga wa rangi ukapigwapigwa juu yake ukapenya matunduni. Karatasi ikiondolewa, Buddha yuko pale kwa vitone, tayari kuunganishwa kwa brashi. Baadhi ya karatasi hizo zimesalia, na nyingine zina nusu tu ya mchoro kwa wino: fundi alichora nusu, akakunja karatasi, akatoboa pande zote mbili kwa pamoja, na ulinganifu ukaja bila kuhangaika. Wapo wanaosikia habari hii wakavunjika moyo, kana kwamba msanii amekamatwa akiibia mtihani. Sioni kosa. Vitone havikuonyeshi mkono upite kwa kasi gani, ubonyeze wapi na uinuke wapi, na mstari wa vazi la enzi ya Tang, unaoanza mnene begani ukaisha kama unywele kwenye kifundo cha mguu, haujawahi kutoka kwenye tundu la sindano.

Rangi zenyewe zilikuwa mawe zaidi kuliko kitu kingine. Buluu nzito ni lapisi lazuli, iliyochimbwa milima ya Badakhshan, Afghanistan ya leo, ikavushwa milima na majangwa mpaka Dunhuang. Buluu nyingine ni azuraiti. Kijani ni malakaiti na madini mengine ya shaba. Nyekundu ziko namna tatu: udongo mwekundu, zingefuri, na risasi nyekundu. Nyeusi ni masizi. Jiwe lilisagwa, unga ukachanganywa na gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi za wanyama, basi. Gundi ikizidi, rangi inakuwa ngumu na kubanduka kama magamba. Ikipungua, inadondoka kama vumbi. Kipimo hakikuandikwa, kilikuwa katika vidole vya msagaji.

Risasi nyekundu ndiyo iliyowasaliti. Katika mapango ya zamani, kama lile la namba 254, ambamo mwana wa mfalme anajitupa kwa simba-marara jike mwenye njaa ili awanyonyeshe watoto wake, watu wana ngozi ya kahawia iliyokolea kuwa nyeusi, wamezungushiwa mistari minene, na puani na machoni pana alama nyeupe zinazometa. Hawakuchorwa hivyo. Mchoraji alifuata mbinu iliyotoka India, ya kukoleza rangi ukingoni mwa mwili na kuipunguza kuelekea katikati ili shavu lionekane mviringo. Rangi za ngozi zenye risasi zilipokutana na mwanga na unyevu kwa karne nyingi zikageuka nyeusi, na nyeupe ikabaki peke yake. Tunachokisifu leo kuwa ukali wa sanaa ya kale ni kemia. Nakiri hata hivyo kwamba siwezi kuzitamani zile sura za waridi zilizopotea. Watu hawa weusi wenye mistari minene wana uzito ambao sidhani walikuwa nao siku rangi ilipokauka.

Sanamu zilijengwa kwa mantiki ileile ya ukuta, ila kutoka ndani kwenda nje. Kwanza kiunzi cha miti, tawi likichaguliwa kwa jinsi lilivyopinda ili liwe mkono au nyonga. Matete au majani makavu yakafungwa juu yake kwa kamba mpaka mwili ukapata unene. Udongo wenye mabua, kisha udongo laini, kisha nyeupe, kisha rangi. Zile kubwa kupita kiasi, kama Buddha wa mita 35.5 katika pango la 96 lililofunikwa kwa jengo jekundu la ghorofa tisa, ziliachiwa kiini cha mwamba kilichochongwa kwa makadirio, kikatobolewa na kupigiliwa vigingi vya kushikilia udongo. Zinatisha kwa kimo na hazinivutii sana. Nenda pango la 45. Buddha ameketi katikati, wafuasi wake wawili wako kando: Kasyapa mzee, mwenye paji lenye mikunjo, na Ananda kijana, amefumbata mikono tumboni na kuegemeza uzito mguu mmoja kama mtu aliyesimama muda mrefu na hajali. Uvivu ule wa nyonga ulianza siku fundi alipochagua tawi.

Mafundi wote hawa walikula nini? Hesabu za monasteri za Dunhuang zilizosalia zinataja ngano, mtama, mafuta na pombe ya nafaka waliyopewa mafundi. Katika karne ya 10, chini ya watawala wa ukoo wa Cao, wachoraji walikuwa na vyeo na ngazi zao. Kuta zenyewe zinawataja waliolipa: matajiri, maofisa, wake zao na watumishi wao wamepangwa kwa safu chini ya picha, wengi wao na majina yao. Mafundi hawamo. Mmoja wa wachache waliojiandika yuko pango la 3, la enzi ya Wamongolia, dogo kama chumba cha kulala, ambamo bodisatva Guanyin wa mikono elfu amechorwa kwa mistari tu, karibu bila rangi. Hapo pameandikwa kwamba ni brashi ya Shi Xiaoyu wa Ganzhou. Aliyechora vizuri hivyo kwa mstari mtupu alikuwa na haki ya kuweka sahihi.

Kuhusu pango la 17 yameandikwa mengi, nitapita upesi. Mwaka 1900 Wang Yuanlu, kasisi wa Kidao aliyekuwa akitunza mahali hapa, alikuta chumba kilichozibwa chenye hati makumi ya maelfu. Mvumbuzi wa Uingereza Aurel Stein alikuja mwaka 1907, msomi wa Ufaransa Paul Pelliot mwaka 1908, na sehemu kubwa ikaondoka, pamoja na Sutra ya Almasi, andiko la Kibuddha lililochapwa mwaka 868, ambalo leo liko London. Hati zikiisha kuondoka, watu husahau kutazama ukuta. Chumba kile kilikuwa cha kumbukumbu ya mtawa mkuu Hongbian. Sanamu yake imeketi pale, na nyuma yake mchoraji ameweka miti miwili, mfuko wake na chombo chake cha maji vikining'inia matawini. Ni mali yote ya mtawa, imetundikwa mahali ambapo mkono wake ungeifikia.

Ufundi wa Mogao haukukoma, umebadilisha kazi. Leo unapambana na chumvi iliyo ndani ya mwamba wenyewe. Hewa ikipata unyevu, chumvi inaunyonya, inayeyuka na kusafiri ndani ya udongo; hewa ikikauka, inaganda upya chini ya rangi, na punje zake zinaisukuma rangi nje mpaka ibanduke. Pumzi za wageni zinaongeza unyevu huo, ndiyo maana ya foleni, kikomo na milango kufungwa kila mara. Mchanga nao ulikuwa ukimwagika kutoka juu ya ukingo hadi vilipowekwa vizuizi vya upepo kileleni.

Li Yunhe alifika mwaka 1956, kijana kutoka Shandong, akaanza kwa kufagia mchanga. Akakaa zaidi ya miaka sitini akitibu kuta. Kazi yake inaelezeka kwa sentensi mbili na kujifunzwa kwa miaka. Rangi iliyoinuka inafutwa vumbi kwa brashi laini, kisha gundi nyepesi inaingizwa nyuma yake kwa bomba la sindano. Inasubiriwa inyonye, halafu kipande kinakandamizwa kwa kitambaa laini kirudi mahali pake. Kipande hicho kinaweza kuwa kidogo kuliko ukucha. Kisha kinachofuata. Ukuta uliopona hauna dalili ya aliyeuponya, na akiacha dalili ameshindwa.

Kabla yake walikuja wanakili. Taasisi ya utafiti ilianzishwa mwaka 1944 chini ya Chang Shuhong, mchoraji aliyesomea Ufaransa na kuikuta Dunhuang kwanza vitabuni huko Paris. Mapangoni hapakuwa na umeme. Walitega vioo nje, wakarusha jua ndani, wakalipokea kwa karatasi nyeupe ili limwagike ukutani, na jua liliposogea nao wakasogeza vioo. Kuweka karatasi juu ya picha na kufuatisha mistari kulipigwa marufuku ili ukuta usiguswe, kwa hiyo walinakili kwa jicho. Duan Wenjie, aliyefika mwaka 1946, alirudia mstari mmoja wa vazi mpaka mkono wake ukaacha kusita.

Kuna ubishi ambao wanakili hawajaumaliza: unakili ukuta ulivyo leo, na madoa na giza lake, au ulivyokuwa? Mwaka 1955 Duan alikabili picha ya pango la 130 inayomwonyesha mke wa kamanda wa Tang akiwa na mabinti zake na wajakazi, imekwisha fifia vibaya. Akaamua kuirudisha. Alichunguza mavazi ya enzi ile, mitindo ya nywele, maua na vipodozi vya usoni, na kila mahali ukuta ulipokuwa umenyamaza akatafuta ushahidi katika picha nyingine kabla ya kuweka mstari. Wengine watasema hiyo si nakala tena. Tangu wakati huo picha ya ukutani imezidi kufifia, na anayetaka kujua yule bibi alivaa nini hulazimika kuutazama mkono wa Duan.